Mwani wa Mkono wa Bi Kazija

Kitu cha kwanza alichokiona Mize hospitalini hakikuwa mkono wa mama yake, Bi Kazija, uliobabuka kwa mafuta ya moto. Kilikuwa kipande cha kanga nyekundu kwenye mdomo wa gunia la mwani. Kanga hiyo aliichana mwenyewe, na gunia alilifunga mwenyewe. Aliona haya kulitaja.

Mwani ulipikwa ukawa rojo, rojo likapandwa chembe za mwili wa Bi Kazija, na baada ya wiki sita akapata ngozi mpya kutoka kiwiko hadi vidole. Miaka tisa alikanda unga kwa mkono huo.

Siku aliyofariki, kabla maji ya kumwoshea hayajapoa, afisa wa Idara ya Ngozi alipiga hodi na kisanduku cha barafu.

"Poleni, mama zangu. Sheria mnaijua. Ngozi ya kuoteshwa ni mali ya Idara, hurudi kabla ya maziko."

"Umchune maiti wetu?" Bi Mashavu, mwoshaji, alimzibia mlango, kata mkononi. "Wewe ulizaliwa au ulioteshwa?"

"Bibi, mkono ule tulimpa sisi. Kila kitu kilitoka kwetu."

Wanawake waliinamisha vichwa, maana hata marehemu aliiombea Idara dua kila Ijumaa. Mize aliinuka, akasimama baina ya kisanduku na kitanda.

"Mwani ulikuwa wangu," alisema, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. "Niliupanda mimi, nikauvuna mimi, gunia nikalifunga kwa kanga ya mama. Na chembe zilikuwa zake. Haya niambie, hapa umefuata kipi kilicho chako?"