Aliyeitika Kichakani

Kanga alikuwa na dada mkali wa maneno. Mondo, paka wa porini, akamla dada huyo. Mwaka ukapita, na Kanga hakupata nafasi ya kulia sana, maana alikuwa na vifaranga wa kulisha.

Desturi ya kanga ni kuitana alfajiri kabla ya kwenda malishoni. Asubuhi moja Kanga aliita, na sauti ya dada yake ikaitika kutoka kichakani.

"Mama mkubwa amerudi!" vifaranga wakashangilia.

Miguu ya Kanga ikaanza kwenda yenyewe. "Dada, mwaka mzima ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, kipenzi changu. Sogea karibu. Njoo na watoto."

Kanga akasimama. Tangu waanguliwe wawili hao, dada yake hakuwahi kumwita kipenzi. Alimwita kichwa maji, hata siku ya sikukuu.

"Rudini," akawanong'oneza wanawe. "Huyo si mama yenu mkubwa. Hilo ni tumbo lililommeza, sasa limejifunza kusema."

Wakakimbia, Mondo akabaki kichakani na njaa yake.

Jioni walipanda mtini kulala, lakini kifaranga wa mwisho akazubaa chini. Mara sauti kali ikamfokea: "Panda, kichwa maji wewe! Unangoja kubebwa?"

Vifaranga wote wakatazama nyuma ya mama yao. Kanga naye akageuka amwone aliyesema. Hapakuwa na yeyote. Mdomo uliokuwa bado wazi ulikuwa wake mwenyewe.