Ufunguo wa Fungate

Badi alifika kwenye lango la nyumba ya mapumziko na ufunguo unaong'aa kuliko uso wake. Nyuma yake alikuwa bibi harusi, na nyuma ya bibi harusi somo wake aliyemfunda, Bi Mgeni, na udi na shuka za siku saba.

"Wiki hii ni ya nani?" aliuliza bawabu. Nyumba ile ina wenyewe wengi, kila mmoja na wiki yake.

Badi akamtaja aliyempangisha mtandaoni.

"Daftarini hayumo. Wewe ni wa tatu kuja na ufunguo huo. Hukupiga simu hapa kuuliza?"

"Alituombea dua ya ndoa kwenye simu, kwa sauti yake mwenyewe. Ningeanzaje kumdai hati?"

"Tapeli mcha Mungu!" Bi Mgeni akacheka, kisha akamgeukia Badi. "Na bibi harusi harudi kwao kabla ya siku ya saba, mwanangu. Watasema ameachwa."

Teksi iliyowaleta ilikwisha kuondoka.

Bibi harusi aliuchukua ufunguo kiganjani mwa Badi, akautia kwenye kufuli la lango. Ulizunguka vizuri tu, ukazunguka tena, bila kushika kitu.