Punda na Ndoo ya Ndama

Zamani mashamba yalipokuwa ya walowezi, ndama mmoja aliharisha mpaka akashindwa kusimama.

Mbwa wa mlowezi akajigamba, "Bwana ana dawa ya chupa kutoka Ulaya. Atapona tu." Kila asubuhi dawa ikamiminwa kwenye ndoo ya maziwa, ndama akanywa, akazidi kudhoofu.

Nzi akacheka. "Ndoo yenyewe haioshwi! Humo ndimo ninamotaga mayai."

Punda, ambaye hakuwa na maneno mengi, akaisogelea ile ndoo, akaipiga teke ikatoboka.

"Muuaji!" mbwa akabweka. "Umemwaga dawa!"

Arap Tonui, mkamuaji, alipokosa ndoo alichukua kibuyu chake mwenyewe, kilichosafishwa kwa kusuguliwa ndani kwa makaa. Akatia maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, akamnywesha ndama kutwa nzima. Nzi akanusa harufu ya moshi kibuyuni, akatoroka.

Siku ya pili ndama akainuka, miguu ikitetemeka, akatembea. Hata kuku waliacha kuchakura, wakamtazama.

Mbwa akauliza kwa sauti ndogo, "Punda, ulijuaje?"

"Nilimsikiliza nzi," punda akajibu. "Wewe ulikuwa unamsikiliza bwana."