Utando Mweusi

Mwasiti aliusugua kwa kitambaa mtungi wa mtambo, ule ambamo kaboni huvuliwa elektroni zake, mpaka utando mweusi uliokuwa ndani ukatoka na mtungi ukang'aa kama kioo. Alipouwasha, mwale wa kutibu saratani ukatoka dhaifu.

"Ule utando mweusi ndio uliokuwa ukisaidia kuzivua elektroni," alisema mkuu wake, Injinia Tungaraza, bila kugomba. "Tuuache mtambo uwake na gesi yake ya kaboni, utando utajijenga tena. Ila si leo."

Mwasiti akatoka kumwambia mgonjwa, Mzee Lukindo, aliyekuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu.

"Kumeharibika nini, mwanangu?"

"Hakuna kilichoharibika, mzee. Nilisafisha mno."

Mzee akakitazama kitambaa cheusi mkononi mwa Mwasiti.

"Basi hicho usikifue," alisema.