Majina Yanayokwaruza

Fundi Shomari alibadilisha taa zote nne za kioo ndani ya ile mashine kongwe ya redio ya kubana sauti isipande mno, iliyolalamikiwa kukwaruza, akasafisha na soketi zake. Kisha akavaa hedifoni, akamwambia mtangazaji asome.

Bi Rukia akasoma tangazo la kifo la jana, kama alivyosoma redioni miaka ishirini: jina la marehemu, halafu majina ya wafiwa, habari ziwafikie popote walipo. Sauti ilitoka nyororo.

"Si imepona hii?" Shomari akauliza.

"Haikwaruzi kila jina, fundi. Juzi ilikwaruza nilipomtaja Msabaha, mmoja wa wafiwa wa siku hiyo." Akainua karatasi ya leo. "Huyu hapa. Leo namtangaza yeye. Wala si wa kwanza."

Shomari akacheka. Akavuta maikrofoni, akataja jina lake mwenyewe. Safi. Akataja la mkewe. Safi.

Likabaki la binti yao, aliyelala nyumbani na homa tangu Jumapili.

Akafungua kinywa. Taa nne ziliwaka nyekundu kama makaa, na sindano ya kipimo cha mashine ilikuwa imelala kwenye sifuri, ikimsubiri.