Kipande cha Chumvi

Siku ya nne ya kulala kitandani, mume wa Mama Glory aliukataa uji akageukia ukuta.

"Baba Glory, kesho tuite bodaboda twende Mlalo. Wanasema kuna bibi ana kile kipande chako."

"Usinidanganye kama mtoto. Sitafuti tena."

Miaka kumi na sita mzee huyu alipanda na kushuka milima akikusanya vipande vya shaba, vile ambavyo mwenye duka mmoja alivigonga wakati wa vita ya Mjerumani, sarafu zilipoadimika, vitumike dukani kwake badala ya pesa, kila kimoja kwa bidhaa yake. Alikuwa na cha mkate na cha sukari. Kilichobaki ni cha chumvi. Hata mguu ulipopooza, hamu ya kipande hicho ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi.

Mama Glory akafungua fundo la kanga. Kilikuwa humo, chembamba, kimeacha doa la kijani kwenye kitambaa. Alikikuta kwenye kasha la marehemu mama yake akanyamaza, maana aliiogopa siku ambayo mumewe angekosa cha kutafuta.

Akamwekea kiganjani.

Kidole gumba kikapapasa maandishi, kikasimama. Mzee akajiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuliweza tangu Jumapili.

"Umekaa nacho tangu lini?"