Skafu ya Mlezi

Padri alipomkabidhi Pontiani cheti cha ulezi wa vijana, akina mama walipiga vigelegele. Katika semina yote hakuna aliyempita kwa alama. Ilibaki skafu tu, na kwa desturi ya parokia ile skafu haivishwi na padri.

“Mwite kijana wako mmoja kwa jina, aje akuvishe,” padri alisema, akimsogezea kipaza sauti.

Pontiani alitazama mabenchi ya vijana. Sura zote alizijua: yule mpiga kinanda, yule binti anayesoma masomo, yule mcheshi wa mlangoni. Majina je? Wote alizoea kuwaita “kijana wangu”, nao wakaitika. Jina moja tu ndilo lililomjia, la kijana aliyekuwa akimsumbua kwa maswali kila baada ya misa.

“Kasiani!”

Hakuna aliyesimama. Vijana wakatazamana. Kisha upande wa akina mama akainuka mwanamke mmoja.

“Mwanangu hayupo, mlezi. Alishahamia kwa walokole tangu Kwaresima. Ulimwahidi utakuja nyumbani mzungumze. Alikungoja sana.”

Cheti kilikuwa kimelowa jasho mkononi mwa Pontiani.

Mama Kasiani akapita katikati ya kanisa, polepole, akaichukua skafu mezani na kusimama mbele yake. Pontiani akainamisha shingo. Aliona kandambili za yule mama, na ncha za skafu zikining’inia karibu na sakafu, wala hazikupanda.